Sili ya Mwisho ya Fundi Adventina Malongo

Fundi Mkuu wa karakana yetu, Bi. Adventina Malongo, amestaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuutumikia Ushirika wa Kahawa Amkeni kwa miaka thelathini na mitatu. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma, nikairudia, na bado siiamini. Sisi wa ofisi ya safari hapa Rulenge tulijua tarehe hiyo inakuja, lakini hakuna aliyeitilia maanani. Sasa imefika na imepita. Karakana ipo, malori yapo, ila ile sauti iliyokuwa ikitufikia ofisini hata madirisha yakiwa yamefungwa haipo tena.

Mimi Speciosa, karani wa safari, nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, wa kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga na kuchapwa katika jarida letu, nilitarajia habari tamu zisizo na makuu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, tunamshukuru. Kumbe mwezi wake wa mwisho ulikuwa umetuwekea mambo ambayo mpaka leo tukikutana kwenye chai tunabaki kutikisa vichwa. Nitayaeleza kama yalivyotokea. Mwenyewe amekubali yaandikwe, maana alisema ni heri niyaandike mimi kuliko yasimuliwe na madereva.

Bi. Adventina, ambaye sote tunamwita Mama Zita kwa jina la binti yake wa kwanza, alizaliwa Bisibo, wilayani Biharamulo. Baba yake alikuwa na shamba la mihogo na mashine ya kusaga iliyovuja oili, hata unga wa jirani wote ukawa unanuka injini. Siku moja Adventina, akiwa bado shule ya msingi, alikata duara kwenye kandambili ya baba yake na kulichomeka mahali pa sili iliyochakaa. Mashine ilikaa kavu mchana kutwa, kisha ikatapika mafuta yote kwa mpigo mmoja, na baba mtu akabaki na mashine mbovu na kandambili ya mguu mmoja. Alichapwa, hilo halifichi. Lakini masista wa misheni waliisikia habari hiyo, wakacheka mpaka wakatoa machozi, kisha wakamtafutia nafasi ya kusoma ufundi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala chini ya lori, sili ni pete ya mpira inayokaa pale shafti inapotokea nje ya injini. Shafti inazunguka, mdomo wa mpira unaikumbatia, na oili inabaki ndani. Mpira ukichakaa, ukakauka au ukapasuka, oili inatoka tone baada ya tone. Kitu chenyewe ni kidogo na kinatosha kiganjani, lakini kuifikia sili ya nyuma lazima ushushe giaboksi, utoe klachi na kulala chali nusu siku huku uchafu ukikudondokea usoni. Kazi hiyo ndiyo Mama Zita aliipenda kuliko zote.

Alipoajiriwa hapa, meneja wa wakati huo aliambiwa tu kwamba anakuja fundi Malongo kutoka Bisibo, akamtayarishia kitanda katika bweni la madereva wanaume. Alipotokea binti mwenye sanduku la bati kichwani na spana mkononi, meneja alimwuliza fundi yuko wapi. Binti aliweka sanduku chini, akaingia uvunguni mwa lori lililokuwa limeegeshwa hapo na kuanza kuorodhesha kwa sauti mahali panapovuja. Inasemekana meneja alisikiliza akiwa ameinama mpaka mgongo ukamkaza.

Wakati ule sakafu ya karakana ilikuwa ikiteleza kwa oili, na waliokuwapo wanasema ilibidi utembee ukishika ukuta. Mama Zita ndiye aliyeweka utaratibu wa kukagua sili za kila lori kabla ya msimu wa kahawa, badala ya kungoja likwame njiani. Ndiye aliyewafundisha mafundi wetu kuifunga bisibisi kitambaa wanapochokoa sili kuukuu ili wasiukwaruze ukuta wake, na kuupaka oili mdomo wa sili mpya kabla ya kuifunga, kwa sababu sili ikianza kazi kavu inaungua siku hiyo hiyo. Aliyesahau kupaka oili alisikia maneno ambayo siwezi kuyaweka katika jarida linalosomwa na familia. Wanafunzi wake leo wana gereji zao Ngara mjini na Biharamulo, na wote wana kasoro moja: wakiona tone la oili barabarani, wanasimama kulitazama.

Hata siku ya harusi ya Zita hakuweza kujizuia. Gari lililopambwa kwa maua lilifika nyumbani kumchukua bibi harusi, na Mama Zita, akiwa ndani ya vazi jipya la kitenge alilolishonesha kwa siri miezi mingi, akaona doa chini yake. Alipiga magoti. Kisha akalala. Ndugu wa bwana harusi walidhani ameanguka kwa furaha, wakaanza kumpepea. Aliinuka na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko na kutangaza kwamba mwanawe haendi kanisani na gari linalovuja. Zita alifika kwa Padri nyuma ya pikapu ya ushirika, shela likipepea, na picha hiyo imetundikwa sebuleni kwao mpaka leo.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumtegemea astaafu kimyakimya. Mwaka jana kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimama na kusema hahitaji zawadi ya kabati wala blanketi. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba siku anayoondoka aikabidhi karakana ikiwa kavu, bila lori hata moja linalodondosha. Tulipiga makofi. Tulimwona anajitakia jambo dogo, na hakuna aliyewaza kwamba angeweza kulikosa.

Mwezi Mei, kama kawaida, alibadilisha sili za malori yote kwa ajili ya msimu. Kazi ilikwisha vizuri, kahawa ikaanza kushuka kutoka vijijini. Juni ilipoingia, lori la kwanza likarudi na doa. Tukasema ni bahati mbaya. Likaja la pili, tena linadondosha mbele na nyuma. Baadaye madereva wakaanza kuingia ofisini kwangu wakiwa wameshikilia kofia, wanazungumza chini chini, wakiona aibu kulitaja jina lake. Malori yote aliyoyagusa yalikuwa yanavuja.

Mama Zita alikuja juu. Kwanza alimlaumu muuza spea, halafu akawalaumu madereva kwa kuendesha kama wanafukuzwa. Akabadilisha sili za malori mawili upya, kwa mikono yake, na kabla ya wiki kwisha yakavuja tena. Hapo akanyamaza, na ukimya wake ulitutia hofu kuliko kelele zake zote.

Kisha ikatokea ya Bugarama. Bernardo, dereva wetu mkongwe, alikuwa akipanda mlima na mzigo kamili wa kahawa. Oili ya sili ya nyuma ilikuwa imeingia kwenye klachi. Katikati ya mlima klachi ikaanza kuteleza, injini inanguruma lakini matairi hayavuti, na lori likaanza kurudi nyuma. Wakulima waliokuwa shambani walikimbilia barabarani na kuweka mawe chini ya matairi. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Bernardo aliponipigia simu sikumwelewa hata neno moja, nilisikia pumzi tu.

Kesho yake Meneja Wiston aliitisha kikao. Alisema kwa upole kwamba ataletwa fundi kutoka nje kushughulikia sili, na kwamba Mama Zita apumzike mpaka siku yake ifike. Mama Zita alimtazama Bernardo, mtu waliyetaniana naye maisha yote ya kazi, akitegemea atamtetea. Bernardo aliinamisha kichwa.

"Pumzika, Mama Zita," alisema. "Macho yamechoka. Jana ningekufa mimi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mama Zita alivua ovaroli pale pale kikaoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele ya meneja na kutoka. Tulibaki tumekaa, kila mtu anatazama ile ovaroli, na kikao kikafungwa bila mtu kukifunga.

Siku chache baadaye, saa ya chakula cha mchana, nilimwona kupitia dirishani akipita peke yake kuelekea uwanja wa kuanikia kahawa. Alikuwa hali tena na mafundi wenzake, alikuwa akitafuta mahali pa kukaa asipoonekana. Alifika kwenye chanja za mwisho, nyuma ya ghala. Akasimama. Halafu akaketi chini kwenye vumbi, ghafla, miguu imenyooka mbele. Nikajua ni presha. Nilitoka mbio nikaacha kiatu kimoja mlangoni, na Meneja Wiston akanifuata na kikombe cha maji kilichokwisha kumwagika kabla hajafika.

Haikuwa presha. Kwenye chanja, mwisho wa mstari wa kahawa, zilikuwa zimeanikwa sili. Sili za kila ukubwa, nyeusi, zimetandazwa kwa nafasi, jua la mchana linaziwakia. Na Derick, mtunza stoo wetu, kijana msafi na mwangalifu kutoka Bugarama, alikuwa amesimama hapo akizigeuza kwa kiganja, upande huu na upande huu, kama alivyofundishwa nyumbani kwao kuigeuza kahawa.

Nisiwachoshe na sayansi. Mpira wa sili hauanikwi. Unakaa gizani, kwenye ubaridi, ndani ya pakiti yake. Ukiuweka juani mara kwa mara unakakamaa, mdomo wake unapata nyufa ndogo, na ukiufunga kwenye injini ya moto haukumbatii tena kitu. Derick alianza kazi mwaka jana, baada ya stoo kuhamishiwa kwenye jengo jipya ambalo paa lake hupitisha maji mvua ikizidi. Kila boksi lilipoloa, vuli na masika, yeye alilitoa, akaanika vilivyomo, akavirudisha. Sili zilipotakiwa karakana, alizipaka oili kwanza kama alivyoelekezwa, zikafika zinang'aa. Mama Zita alizipokea na kuzifunga bila kuzikunja kuzijaribu, kwa sababu zilitoka stoo yake, na stoo yake aliiamini.

Aliokota moja akiwa bado ameketi, akaikunja kwa vidole viwili. Nyufa zikafunguka zote mbele ya macho yetu. Alimwuliza Derick, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, ni nani aliyemfundisha kuanika sili.

Derick alikuwa amekwisha kuona nyuso zetu. Alimwamkia kwanza, shikamoo, ingawa walikuwa wameamkiana asubuhi. Kisha akasema:

"Ni wewe, Mama."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini ilikuwa kweli, na sote tulikumbuka palepale. Zamani, vichujio vya karatasi na glovu vilipoota ukungu stoo, Mama Zita ndiye aliyekuja juu na kutoa amri kwamba kitu chochote kikiloa kipelekwe juani, na kwamba hataki kuulizwa mara mbili. Hakusema isipokuwa sili. Nani angemwambia mtu mzima mambo kama hayo? Na Derick, mtoto wa wakulima wa kahawa, ambao kwao kila chenye unyevu huwa kinaanikwa, kahawa, maharage, mihogo, nguo, alipoanza kazi alipewa amri hiyo hiyo, iliyofanana kabisa na akili ya kwao. Hakuuliza mara mbili.

Meneja Wiston alinong'ona kwamba jambo hili tulimalize wenyewe. Maana yake tuliielewa: Derick angeondolewa kazini, Mama Zita angesafishwa jina, sherehe ingefanyika. Ilikuwa rahisi hivyo. Alichotakiwa Mama Zita ni kunyamaza tu.

Jioni ile aliomba watu wote wakusanyike karakana. Tulikuja tukimhurumia Derick, kwa sababu tulikuwa tumewahi kuona mtu akigombezwa na Mama Zita kwa kuacha spana chini, na hii haikuwa spana. Yeye alisimama mbele na sili iliyopasuka mkononi, bila ovaroli, mdogo kuliko tulivyomzoea.

"Nimekosea mimi," alisema. "Derick alinitii. Bernardo, ilikuwa karibu nikuue, na hukukosea kusema."

Mabibi na mabwana, miaka yote niliyofanya kazi hapa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilidhani halimo. Mafundi walitazamana, mmoja akaangusha bisibisi na hakuna aliyegeuka. Bernardo alivua kofia. Meneja Wiston alichukua ile ovaroli kutoka ofisini kwake, akamrudishia kwa mikono miwili, akarudi kusimama na sisi wengine.

Sili mpya ziliagizwa Kahama, zikaja katika pakiti zake na zikawekwa kwenye kabati la giza katika jengo lisilovuja. Siku zilizosalia zilikuwa chache kuliko malori. Mama Zita aliyafunga moja baada ya jingine, na kila alipoingia uvunguni alimwita Derick aingie naye. Wengi hatukupenda. Ilikuwa kama kumwalika aliyeunguza chakula aje apike tena. Alimshikisha mkono wake juu ya mdomo wa sili, akamwonyesha kuigonga kidogo kidogo pande zote kwa kipande cha bomba ili iingie sawa, akamfokea, akamsifu, akamfokea tena. Sauti ikarudi madirishani kwetu, nasi tukawa tunafanya kazi tukitabasamu.

Tarehe 30 Juni lilikuwa limebaki lori moja, la Bernardo. Giaboksi lilikuwa chini, klachi imetolewa, sili kuukuu imechokolewa, mahali pake pamefutwa pakang'aa. Ilibaki kuifunga sili ya nyuma. Kengele ya kutoka kazini ikagongwa. Tulimngoja aendelee, maana hajawahi kuacha injini ikiwa wazi, na hii ndiyo iliyokuwa imesimama kati yake na lile jambo moja alilolitaka.

Mama Zita alitoka uvunguni. Akafuta mikono. Akaiweka ile sili kwenye kiganja cha Derick na kumwambia ataifunga yeye, kesho, peke yake.

Bernardo alishindwa kujizuia. "Lori langu hataligusa huyu," alisema. "Mimi ndiye ninayepanda nalo mlima."

"Jina ni langu, Bernardo," alisema Mama Zita. "Ninamwachia. Likivuja, semeni fundi Adventina aliondoka akaacha lori linalovuja. Mimi sitauliza."

Kisha akachukua mkoba wake akaenda. Hakugeuka. Tulibaki na lori lililofunguliwa tumbo na kijana aliyeshika kipande cha mpira kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Nimeshuhudia mengi katika kazi hii, lakini mtu kuitoa sifa ya maisha yake yote na kuiweka mkononi mwa yule yule ambaye ilikuwa karibu aipoteze, hilo sikuwa nimeliona, na nililia bila kujali nani ananitazama.

Mama Zita, leo umekaa hapo mbele na vazi lako la kitenge. Umetimiza neno lako: hukuuliza. Tumekuona tangu asubuhi ukiwasalimia watu huku ukiipa karakana mgongo, na tumewakataza wote wasikwambie mpaka wasifu huu usomwe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru kwa mikono yako, kwa kelele zako, na kwa jioni ile uliyotushtua kwa neno moja. Tunakuombea Bisibo ikupokee vizuri, mihogo ikukubali, wajukuu wakuchoshe, na Mungu akupe miaka mingi ya kulala chali juu ya kitanda badala ya sakafu.

Sasa habari ya lori. Derick aliifunga sili kesho yake, peke yake, na Bernardo alikataa kuliendesha siku mbili nzima. Siku ya tatu aliwasha, akaenda Biharamulo, akarudi, akapanda Bugarama na mzigo kamili. Jana aliingia uvunguni mwenyewe na kitambaa cheupe, akapangusa chini ya injini kila mahali, akaja ofisini kwangu akanikunjulia kitambaa mbele ya macho. Kilikuwa cheupe vile vile. Aliomba niandike hivyo, na niandike pia kwamba kuanzia sasa lori lake asiliguse fundi mwingine ila Derick.